Nafua usiku ili mwanangu asione aibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi pembezoni mwa mji wa Morogoro. Nina mke na watoto wawili, wa kiume yuko darasa la nne na wa kike darasa la pili. Mke wangu ni muuguzi. Mimi nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo mpaka miaka mitatu iliyopita, tulipopunguzwa. Kiinua mgongo nilichopata nikajengea banda uani, nikaanza na vifaranga 100. Leo nina kuku wa mayai 220 na wateja wa trei ambao hawanikosi.

Kwa kuwa kazi yangu iko nyumbani na ya mke wangu ni ya zamu, kazi nyingi za ndani nimezibeba mimi. Akitoka zamu ya usiku anafika saa mbili asubuhi miguu imevimba. Saa hiyo watoto wameshakunywa chai wameenda shule. Napika, nadeki, nafua. Tulikubaliana hivyo bila kugombana, na kwa muda mrefu sikuona neno.

Mwaka jana tulinunua king'amuzi. Kuna tangazo moja la sabuni ya unga mwanangu analijua neno kwa neno. Mtoto wa kiume anarudi kutoka mpirani amejaa matope hadi masikioni, mama anacheka, anafua, jezi inang'aa, halafu baba anaingia na mkoba wake anasifia. Pia hushika simu ya mama yake akaangalia vichekesho. Vingi ni vilevile: mwanaume kajifunga kanga kiunoni anafua, mke kasimama mikono kiunoni anamfokea, majirani wanamcheka.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo. Nyumba yetu haina uzio, anayepita njiani anaona mpaka jikoni. Mwanangu akaja mbio akiwatangulia wenzake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, ingia ndani kwanza, wanakuja." Sikumjibu. Niliacha beseni pale pale nikaingia ndani, na mpaka leo sijui kwa nini niliingia.

Wenzake walipoondoka akavua jezi yenye matope, akamrushia mdogo wake: "Nifulie." Nikamuuliza kwa nini asifue mwenyewe. Akasema, "Kufua ni kwa kina mama." Nilimfokea sana, nusura nimpige. Nilipogeuka, binti yangu alikwishaichukua jezi na kuiloweka.

Tangu siku hiyo nafua usiku, kuanzia saa tatu, watoto wakishalala. Asubuhi wakikuta nguo kwenye kamba nawaambia mama yenu alifua kabla ya kwenda zamu. Mke wangu ameshagundua. Anasema niache, atafua yeye siku zake za mapumziko, lakini naona jinsi anavyochoka. Mama yangu naye kanipigia simu kutoka Kilosa, habari zimemfikia. Akaniuliza, "Mwanangu, umelishwa limbwata?" Alicheka, ila haikuwa kicheko chote.

Shangazi, nikirudishe hiki king'amuzi dukani? Nimkalishe kijana chini nimfundishe kwa fimbo? Au yeye ndiye anayeona sawa, mimi ndiye niliyepotea?

Baba wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba, baba.

Hujapotea. Nakujibu hilo kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja. Sikukwama kwenye tangazo wala kwenye vichekesho. Nilikwama pale ulipoacha beseni ukaingia ndani. Sikulaumu, mwanangu. Mtu akiambiwa ajifiche na mtoto wake mwenyewe, moyo hushtuka, miguu huenda yenyewe. Lakini fikiria mwanao alipata nini siku ile. Tangazo lile halifiki hata dakika moja. Wewe umekuwa ukijificha mwezi mzima, kila usiku. Mtoto wa darasa la nne si mjinga. Anajua mama yake alitoka jioni kamba ikiwa tupu. Asubuhi anaikuta imejaa, na anamsikia baba yake akidanganya. Alikuwa anadhani kufua ni aibu kwa mwanaume. Sasa ana ushahidi, na aliyempa ni mtu anayemwamini kuliko runinga yoyote.

Turudi kwenye hilo tangazo, maana nataka ujue lilikotoka. Mwaka 1933 huko Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilianza kudhamini mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins ili iuze sabuni yake ya unga, Oxydol. Mchezo ulirushwa mchana, saa ambazo wanawake wengi walikuwa nyumbani na waume zao kazini. Uliendelea hewani mpaka 1960. Michezo ya namna hiyo ilikuwa mingi, na wenye sabuni walidhamini mingi kiasi kwamba hadi leo Waingereza na Wamarekani wanaiita tamthilia ya namna hiyo kwa jina la sabuni. Jambo linalonigusa mimi ni hili: huyo Ma Perkins mwenyewe, katika hadithi, alikuwa mjane anayeendesha yadi ya mbao. Wasikilizaji walimpenda mwanamke anayeuza mbao, kisha hadithi ikikatika wakaambiwa habari za mapovu.

Kwa hiyo mwenye sabuni hakuketi akachunguza Mungu amempa nani mikono ya kufua. Aliuliza nani ananunua sabuni, akazungumza na huyo. Swali la duka tu. Lakini likijibiwa kwa picha ile ile miaka 90, kwa kila lugha, mtoto wa Morogoro anayekaa kwenye mkeka mbele ya runinga haoni tena swali la duka. Anaona sheria ya maisha.

Na usidhani ni wanawake pekee wanaotengenezewa sura. Uanaume nao umeuzwa sana. Sigara ya Marlboro ilipoingia sokoni miaka ya 1920 ilitangazwa kuwa sigara ya kina mama, laini, ya kistaarabu. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ikataka iwauzie wanaume, ambao waliona sigara yenye kichungi ni ya kike. Wakala wa matangazo wa Chicago, Leo Burnett, akaiweka mdomoni mwa mchunga ng'ombe mwenye kofia pana, juu ya farasi. Jina halikubadilika. Ilichukua miaka michache tu, na kitu kilichokuwa cha kike kikawa alama ya mwanaume wa kweli dunia nzima. David McLean, mmoja wa waigizaji waliovaa kofia ile, alifariki mwaka 1995 kwa saratani ya mapafu. Namkumbuka kila ninapomsikia kijana akisema "mwanaume wa kweli", kwa sababu mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna mtu anayeuza kitu.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo mwanao atakapokuelewa. Neno dobi unalijua. Mjini Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, dobi alikuwa mwanaume. Alifua mashuka ya watu, akapiga pasi ya mkaa, akapanga nguo zimekunjwa kama karatasi, na hakuna aliyemwuliza kama amelishwa limbwata. Enzi za mkoloni, katika nyumba za Wazungu Tanganyika na Kenya, aliyepika, aliyefua na aliyetandika vitanda kwa kawaida alikuwa mwanaume mtu mzima mwenye mke na watoto, na kwa dharau walimwita boi. Leo toka jioni hii uende stendi. Anayekaanga chipsi mayai ni nani? Anayegeuza mishkaki? Fundi cherehani mwenye kanda ya kupimia shingoni? Kwenye harusi za pwani, nani anasimama na mwiko juu ya sufuria kubwa la pilau? Wengi wao wanaume. Na vijana waliopita JKT, na wavulana wa shule za bweni, nguo zao hufuliwa na nani?

Ukiliangalia hivyo utaona kwamba mikono ya kiume haikukataa beseni hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba kazi hiyo ikilipwa, mwanaume anaifanya mchana kweupe na hapati jina baya. Isipolipwa, ikiwa ni ya mke wake na watoto wake, ndipo inaitwa ya kike. Mwulize mwanao hilo. Usimpe jibu. Mwache alale nalo.

Vichekesho vinanisumbua kuliko tangazo. Tangazo linaonyesha mama akifua na linanyamaza kuhusu baba. Kichekesho kinamwonyesha baba akifua na kinamfundisha mtoto wapi acheke. Kicheko huingia ndani haraka kuliko mawaidha, na mtoto akishacheka mara 20 mahali pamoja, siku atakayoona beseni mikononi mwa baba yake mwenyewe hatahitaji kuambiwa. Atasikia kicheko kabla hakijatoka. Ndicho alichokisikia Jumamosi ile alipokukimbilia. Na soma vizuri alichofanya, baba: alikuja mbele ya wenzake ili akukinge. Alikosea njia, lakini alikuwa anakulinda. Mtoto anayemdharau baba yake angekuja nyuma ya wenzake, akicheka nao.

Uingereza waliliona jambo hili wakaliwekea kanuni. Tangu Juni 2019 matangazo yao hayaruhusiwi kutumia picha za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Miongoni mwa matangazo mawili ya kwanza kuzuiwa lilikuwa la jibini: akina baba wawili wanababaishwa na chakula mpaka mtoto mchanga anabebwa na mkanda unaozungusha vyombo vya mgahawani. Lililozuiwa pale ni wazo kwamba mwanaume hawezi kumwangalia mtoto. Kwa hiyo anayekucheka wewe kwa kufua, na anayedhani ukiachiwa watoto watakufa njaa, wamenunua duka moja.

King'amuzi usikirudishe. Runinga na redio zinaweza kufundisha upande huu na upande ule, na sisi Watanzania tuna mfano wetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Kama familia yenu ilikuwa na redio huenda ulimsikia Mkwaju ukiwa mdogo, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyeachwa na mzigo wote wa nyumba. Watafiti walifanya jambo la busara: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo ule kwa miaka miwili ya mwanzo, ili walinganishe. Walikuta kwamba mahali ulikosikika, mazungumzo ya mke na mume kuhusu uzazi wa mpango yaliongezeka, na waliotumia uzazi wa mpango waliongezeka pia. Hakuna aliyewachapa fimbo wale wanaume. Walimsikiliza Mkwaju akiharibikiwa, wakajiona.

Fimbo basi iweke kando. Ukimpiga kwa sababu ya jezi atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na hilo ndilo somo alilolitumia kwa mdogo wake.

Kaeni mtazame pamoja. Tangazo likija, mwulize kama mtu anayetaka kujua kweli: hapa nani anafanya kazi? Nani anashukuriwa? Wanauza nini? Yule baba mwenye mkoba, umewahi kumwona anafanya kazi gani? Usihubiri, watoto hunusa mahubiri kutoka mbali. Wiki ya kwanza atakujibu kwa mabega. Wiki ya tatu atakuwa anakuwahi kabla hujauliza. Kwenye vichekesho mwulize kitu kimoja tu: hapo cha kuchekesha ni nini? Akijaribu kueleza atakuta maneno hayatoki.

Sasa kuna jambo sijakuambia, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Umeniandikia barua ndefu kuhusu mwanao. Binti yako umemtaja kwa sentensi tatu tu. Katika ile ya mwisho, anaokota jezi yenye matope ya mtu mwingine na kuiloweka, akiwa darasa la pili, wakati wewe na kaka yake mnabishana juu ya kichwa chake. Ulimfokea kaka yake. Yeye ulimwambia nini? Nadhani hukumwambia kitu, maana alikuwa ametulia, na mtoto aliyetulia hutuponyoka. Tangazo lile lile lilikuwa linamfundisha na yeye. Kaka yake alijifunza kurusha. Yeye alijifunza kuokota kabla hajaombwa mara ya pili. Na hakuna aliyemwambia iache.

Atakutana na hayo kila atakapogeuza macho. Uchunguzi mkubwa unaofanywa duniani kila baada ya miaka mitano kuhusu habari ulikuta mwaka 1995 kwamba katika kila watu 100 wanaohojiwa au kuzungumziwa katika habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Robo karne, nyongeza ya watu wanane. Binti yako akiangalia taarifa ya habari pamoja nawe anaona nani anaulizwa maoni, na tangazo likiingia anaona nani anafua. Haya mawili yanafuatana kwenye skrini moja, jioni moja. Lakini mama yake anakesha na wagonjwa hospitalini! Je, mmewahi kumweleza mama hufanya nini usiku kucha? Mwombe mke wako awasimulie wote wawili usiku mmoja wa zamu, bila kutaja wagonjwa: nani alimwita, nini kilimtisha, aliamua nini peke yake saa tisa za usiku. Wasikie.

Na wewe wasikie kazi yako. Nadhani jeraha lako la kweli liko kiwandani, baba. Yule mwanaume wa mkoba kwenye tangazo ni wewe wa miaka mitatu iliyopita, ukirudi jioni na sare ya kazi, na kila linaporudiwa linakugusa pale palipouma. Sema hivyo kwa mke wako, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu nahofia anadhani umechoka kumsaidia, ndiyo maana anajitolea kufua na miguu yake imevimba. Mwambie ni haya inayokufanya ufue gizani. Makubaliano yenu yabaki pale pale.

Kuku 220 ni kazi. Kuna chanjo, pumba, maji, joto, hesabu ya trei, mteja anayekopa. Je, mwanao anajua ada na daftari zake zinalipwa na nini? Mpe daftari la mauzo ya wiki, aandike yeye trei zilizotoka na fedha zilizoingia, na mdogo wake ahesabu mayai. Akiulizwa na wenzake baba yako anafanya kazi gani, awe na jibu la kujaa mdomo.

Mama yako wa Kilosa usigombane naye wala usimkwepe. Amekulia katika maneno hayo, na limbwata ndilo neno alilopewa la kumwelezea mwanaume anayemhurumia mkewe. Mpigie wewe. Mwambie, "Mama, mke wangu jana alikesha na wagonjwa 30, asubuhi nikampikia chai." Halafu nyamaza. Wanawake wa umri wake wamelima, wamebeba maji, wamezaa, wamerudi jikoni siku hiyo hiyo. Akikaa na sentensi hiyo peke yake, kuna kitu kitamjia ambacho mimi na wewe hatuwezi kumwambia.

Uongo wa asubuhi uukomeshe kesho. Huhitaji kikao. Wakikuta nguo kwenye kamba, sema, "Nimefua mimi." Wakiuliza kwa nini usiku, waambie ukweli: niliona haya, na sasa nimeacha. Mtoto wa kiume akimsikia baba yake akikiri kwamba aliona haya, anapata ruhusa ya kukiri zake.

Jumamosi, toa beseni mchana, pale pale njiani panapoonekana. Wenzake watapita. Wasalimie kwa majina, waulize mechi imeishaje, na mikono yako ibaki majini. Kama kuna atakayecheka, mwache acheke. Muda si mrefu atakuja kuomba maji ya kunywa.

Kisha mwite mwanao na jezi yake. Mwonyeshe kwamba matope yakaushwe kwanza, yakung'utwe, ndipo iloweke. Aanze na kola, kwapa, kisha sehemu ya mbele alipoangukia. Maji ya kwanza yatatoka meusi, asiogope, ayamwage chini ya mpapai. Asuuze mara mbili. Aanike kwa kugeuza ndani nje ili namba isipauke. Haitang'aa kama ya kwenye tangazo, na usiirudie nyuma yake akiisha kuondoka.

Binti yako siku hiyo aende kucheza. Akisimama karibu na beseni akisubiri kuitwa, mwambie kwa jina lake kwamba hii jezi ina mwenyewe.

Shangazi